Kikwembe cha Matanga Kwenye Shingo ya Okapi

Mama Sofia mpendwa, sina mwingine wa kumfungulia moyo, nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa hapa Butembo, mume wangu Salomon anafanya biashara ya maharagwe na sasa yuko Kirumba, na kazi yangu mimi ni kuchora wanyama wa msituni kwa rangi kali ambazo Mungu hakuwapa, tembo mwekundu, nyani wa kijani, watu wananicheka lakini wananunua. Sichori kwa rangi peke yake. Nachukua turubai kuukuu, nabandika juu yake karatasi za madaftari ya watoto kwa gundi ninayoipika kwa unga wa muhogo, zikikauka napaka maganda ya kakao yaliyosagwa na udongo mwekundu uliochekechwa, kisha vipande vya nguo, kisha rangi ya duka, na macho ya mnyama nayaacha mpaka mwisho kwa sababu nikiyaweka mapema naona haya kumkosea. Nakueleza haya ili uelewe nilivyofika hapa, maana sikuamka asubuhi moja nikasema leo naiharibu familia.

Mwaka jana shemeji yangu Kamate, mdogo wa mume wangu, aliuawa barabarani karibu na Oicha akiwa kwenye lori la kakao. Yeye ndiye aliyekuwa ananiletea maganda, na katika watu wote ninaowajua ni yeye peke yake aliyewahi kumwona kwa macho okapi, yule mnyama wa msituni mwenye miguu ya milia; mnyama alivuka barabara mbele ya lori, akasimama, akageuza shingo akawatazama, akaingia msituni, na Kamate alinisimulia hilo mara nyingi mpaka mke wake Victoire akawa anasema basi, huyo okapi tumeshamjua. Jumamosi hii ni misa ya kuondoa matanga yake. Mama mkwe wangu, Mama Godelive, alichagua mwenyewe sokoni kikwembe, yaani kitenge cha sare, bluu nzito yenye majani madogo ya njano, akatugawia wanawake wote wa nyumba nusu piesi, yadi tatu, kila mmoja tukashone, akasema mbele ya wote, "Mwenye hatavaa hii kikwembe siku ya misa, ule hapana mutu wa nyumba yangu."

Wakati huo nilikuwa namalizia picha ya kupeleka kwenye maonyesho Beni, okapi yule yule wa Kamate, amegeuza shingo, na shingo ikanikataa. Nilipaka bluu, nikafuta, nikapaka tena, ikabaki kama ukuta wa duka. Nikachukua kikwembe nikakiweka juu ya shingo ili nione tu, Mama Sofia, nione tu, na mnyama akapumua. Nikakata kipande kama kiganja. Gundi ilikuwa nyepesi, nguo ikajikunja, nikaibandua ikachanika, nikakata kingine, shingo ikadai bega, bega likadai mgongo, na nilipoinua kichwa kilichobaki hakitoshi hata kufunga kichwa cha mtoto. Nilijiambia nitanunua kingine. Nimezunguka soko zima na muuzaji ananiambia mzigo ule ulikuja mara moja tu.

Kumbe ubaya wenyewe ulikuwa bado uko mbele. Wiki mbili zilizopita mama mkwe aliniuliza, "Kikwembe yako iko wapi? Benzako bote bamesha kushona." Nami bila kufikiri nikajibu, "Iko kwa couturier, mama, kwa Phinées." Phinées ni mshonaji wa mtaani kwetu, alikimbia vita Kanyabayonga na mke na watoto wanne, na nilimtaja kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa karibu mdomoni. Alhamisi iliyopita mama mkwe alikwenda kwake na wapwa wawili, akadai kikwembe cha marehemu, Phinées akaapa hajakiona, akaitwa mwizi wa vitu vya matanga mbele ya wateja wake, na wale wapwa wakabeba mashini yake ya kushonea. Sasa iko sebuleni kwa mama mkwe, imefunikwa shuka, mpaka kikwembe kionekane.

Kesho yake Phinées akaja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Madame, pengine ulisahau, pengine ulipeleka kwa mwingine. Angalia muzuri. Ile mashini miye niliitoa Kanyabayonga ku mugongo, ndiyo inalisha batoto." Nikamjibu nitaangalia, nikafunga mlango.

Salomon anarudi Ijumaa. Yeye tangu zamani ananiambia, "Achana na mambo ya kuchora nyama ya pori, itakuletea maneno," na sasa maneno yamekuja. Picha bado iko ukumbini Beni, naambiwa ndiyo watu wanayosimama mbele yake zaidi, na kila sifa inanichoma. Nimefikiria kwenda kuibandua nguo kwa maji ya moto lakini nimeshaipaka vanishi mara mbili. Nimefikiria kujilaza siku ya misa niseme ni malaria. Nimefikiria kumwambia mama mkwe, naogopa, kwa sababu atasema nimemkatakata mwanawe kwa mkasi ili nipate jina, na labda ni kweli. Mama Sofia, gundi ya muhogo iliyopakwa vanishi inaweza kubanduka bila kuchana nguo? Na kama haibanduki, nifanye nini nisifukuzwe kwenye nyumba hii?

Ni mimi mwenye mikono ya gundi, Butembo.

*

Mwenye mikono ya gundi,

Barua yako ina kurasa tatu. Okapi umempa ukurasa mmoja na nusu, mama mkwe na mumeo wamegawana karibu zote zilizobaki, na Phinées, ambaye hakukata wala kubandika kitu, amepata mistari michache. Halafu swali lako la kwanza kabisa linahusu gundi. Rudi uisome uone aibu kidogo, kisha tuendelee.

Pole kwa msiba. Mume wangu ni msafirishaji, nimekaa siku nyingi na simu ambayo dereva haipokei upande wa pili, kwa hiyo pole hii siitoi kwa mazoea.

Kabla ya kukaa kwenye safu hii ya ushauri gazetini niliuza vikwembe sokoni Beni miaka kumi na minane, na kwa kuwa ukumbi hauko mbali na kwangu, jana nilikwenda kumwona okapi wako. Nilijaribu pembeni kwa ukucha, mlinzi akanikemea, "Mama, hapana gusa," lakini nilikuwa nimeshapata jibu lako: haibanduki. Nikaona na jambo jingine. Yale majani ya njano yanafuatana kutoka sikioni mpaka mgongoni na hayakatiki popote, kila kipande umekigeuza mpaka kikakutana na mwenzake. Mtu aliyekosa rangi hapangi hivyo, na bluu iko katika kila duka la rangi Butembo. Ulikata kwa sababu Kamate alikufa na wewe ni mke wa kaka yake tu, Victoire akalia, mama akalia, wewe ukawa unapika. Hapo sikulaumu, dada yangu. Nilisimama mbele ya ile shingo nikalia na mimi, na sikumjua huyo kijana.

Ila usidhani machozi yangu yatakuokoa. Kukata kikwembe cha matanga ni utovu wa adabu, na mama mkwe ana haki ya kukukaripia mpaka achoke. Kumtwisha Phinées uongo wako ni dhambi, na kila siku unayonyamaza unaitenda upya. Unasema jina lake lilikuwa karibu mdomoni. Mbona hukutaja couturier mkubwa wa barabara kuu, mwenye ndugu mji mzima? Ulimtaja mtu aliyekimbia vita, asiye na mjomba wala kaka wa kusimama naye mlangoni. Labda hukukusudia. Ulimi wako ulikusudia.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma, usipike, nenda kwa mama mkwe. Usianze na marehemu, usianze na okapi, na usitangulize kilio, maana ukilia watu watakubembeleza na ukweli utapotea hapo hapo. Sema hivi: "Mama, Phinées hakuiba. Miye nilikata kikwembe, nikakudanganya." Basi. Akikutukana, kaa. Akinyamaza itakuwa vibaya zaidi, kaa vilevile. Kisha omba ile mashini. Wapwa wasiiguse tena, ibebe wewe, panda nayo pikipiki, ishushe mbele ya mlango wa Phinées wakati wateja wapo, na useme maneno yale yale kwa sauti kubwa kama ile waliyomwitia mwizi. Umwombe msamaha. Asipokupa siku hiyo, hana deni la kukupa.

Mumeo mpigie simu leo, asikutane na habari kituo cha magari. Jumamosi nenda misani. Mimi ni Mwislamu, sijui padri atawapanga vipi, lakini najua kila nyumba ya ibada ina kiti cha nyuma kabisa. Vaa nguo yako safi ya kawaida, usiazime kikwembe cha mtu, na usijilaze na malaria ya uongo wakati watu wanaugua ya kweli. Unauliza kama utafukuzwa. Sijui. Yule mama alisema neno zito mbele ya watu, na ni yeye tu anayeweza kulirudisha. Siku akitaka kujua kikwembe kilikwenda wapi, mlete Beni, msimamishe mbele ya picha, na ufunge mdomo wako. Akisema ishushwe, ishushe. Itakuuma sana, lakini wewe umepoteza shemeji na yeye amepoteza mtoto.

Jambo la mwisho. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kupeleka barua yako gazetini, lakini okapi wa bluu sikuweza kumbadilisha, na mashini iliyobebwa mbele ya wateja mtaa mzima unaijua. Gazeti linatoka Ijumaa asubuhi. Jibu hili nimempa dereva wa mume wangu leo Jumatano, akuletee mkononi kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, ili mama mkwe wako asikie ukweli kwako kabla jirani hajamsomea.