Kwa Nini Sote Wawili Tuliandika Jumamosi

Mpendwa Yaya Béa,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu mlango wa pembeni umeufunga. Nikikupigia simu huko Kitwe uliko, Zambia, mtandao unaharibika papo hapo. Mama akikupigia kwa simu hiyohiyo, unamsikia hadi kikohozi. Basi acha na wengine wasome. Watu wa mbali watadhani yaya ni mlezi wa watoto. Huku kwetu Lubumbashi ni dada mkubwa. Kwangu ulikuwa vyote viwili, na ndiyo maana jambo hili halijapoa.

Nina swali moja tu, lakini nitalifikia polepole, maana nikilitanguliza utaacha kusoma.

Unaikumbuka meza ya cherehani pale nyumbani Katuba? Mchana Mama alishonea sare za shule, jioni alituachia sisi, nasi tukatandaza karatasi za Mwalimu Prosper, aliyetufundisha Kiingereza, juu ya vipande vya kitambaa cha buluu. Kampuni ile ya mizigo karibu na uwanja wa ndege wa Luano ilikuwa inatafuta watu wa ofisi, na kila kilichoingia mle kilitoka Zambia au Afrika Kusini kikiwa kimeandikwa Kiingereza. Sisi tulikuwa na Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani. Kiingereza tulikianza ukubwani, kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli huku watoto wanamtazama.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kusoma habari na kujibu maswali. Nani, wapi, lini, nini. Mwalimu Prosper alikuwa akigonga ubao na kusema, "Hii maswali haitafute akili yako, iko natafuta macho yako. Rudia mu habari, tafuta mustari. Jibu iko mu karatasi, haiko mu kichwa." Na mimi nilianguka palepale kila mara. Habari ikisema mvua ilianza mwezi wa tatu, naandika mwezi wa kumi na moja, kwa sababu hiyo ndiyo mvua ninayoijua. Ulicheka mpaka ukaegemea cherehani.

"Mudogo wangu, hapa hatuko Katuba. Tuko mu karatasi!"

Ukabuni mchezo. Tukienda misa, tukipishana na mtu, unangoja tufike mbele kidogo kisha unaniuliza kwa Kiingereza chako kigumu: yule mama alibeba nini? Mkono gani? Mtoto wake alivaa viatu? Nikikosea, unanirudisha nyuma nikamtazame tena. Siku moja mama mmoja alitugeukia akatuuliza kama sisi ni polisi. Sijacheka tena vile, Yaya.

Siku ya mtihani tulikaa ukumbi mmoja pale kwenye kampuni, safu ya dirishani. Wewe mbele, mimi nyuma yako. Ile habari ya mwisho ilikuwa ya mwanaume anayefanya kazi kwenye treni, ana mabinti wawili wanaomngojea mlangoni. Maswali yakauliza alirudi nyumbani siku gani, na mfukoni mlikuwa na nini. Nilikuwa nimekwisha jibu yote mawili kalamu iliponiponyoka, ikabingiria hadi kwenye kisigino chako. Nikainama. Na nilipokuwa nimeinama, ulisogeza karatasi yako pembeni mwa meza.

Wakati ule nilidhani unanyoosha mkono tu. Shika neno hilo, nitalirudia.

Baada ya majuma mawili wakatuita, sisi peke yetu. Chef, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa ameweka karatasi zetu sambamba. Hakutukaribisha viti.

"Jibu hapa ni Alhamisi," alisema. "Bengine bote baliandika Alhamisi, ao baliacha wazi. Nyinyi babili tu munaandika Jumamosi. Na mu mufuko? Machungwa. Nyinyi munaandika samaki kidogo-kidogo. Hii samaki ilitokea wapi?"

Nilitazama zile karatasi. Nilikuwa na hakika nimeliona neno Jumamosi katika ile habari. Ningeweza hata kukuonyesha mstari.

"Muntu moja anaweza kukosea," Chef akaendelea. "Lakini bantu babili, makosa moja, nyumba moja? Mumoja alikopia. Aseme, ao mutoke bote."

Nikafungua mdomo niseme hakuna aliyekopia. Wewe ukanitangulia.

"Ni mimi, Chef. Nilikopia kwa mudogo wangu."

"Yaya, unasema nini?"

Ukanikanyaga mguu. Ukachukua mkoba wako, ukamuaga Chef kwa heshima zote, ukatoka. Jioni nilipofika nyumbani nikiwa na kazi, ulikuwa unamsaidia Mama kutia vifungo kwenye mashati, na uliniambia maneno machache tu: "Ukamate kazi. Hapana kuongea tena hii maneno." Mama aliambiwa kwamba hukufaulu. Mwezi haukuisha ukawa umekwenda Kitwe, kwenye saluni ya binamu yetu, na Kiingereza chote tulichohangaikia ukakipata bure kwa wateja.

Wengine watasema ulinipenda sana. Hata mimi nilisema hivyo, mwanzoni. Halafu siku moja, nikiwa kazini na jalada mkononi, nikawaza: mtu aliyekaa mbele hawezi kukopia kwa aliyekaa nyuma yake, labda awe na macho kisogoni. Kati yetu wawili, mwenye nafasi ya kuchungulia alikuwa mimi tu. Basi uliposema "ni mimi", ulikuwa unamfunika mtu. Na huwezi kumfunika mtu ila kama umekwisha kumhukumu.

Hapo ndipo ile karatasi iliyosogea ilipoanza kunitembelea. Niliinama, ukasogeza. Ulisogeza ili nisione? Au, Mungu wangu, ulisogeza ili nione? Ulidhani nimeangusha kalamu makusudi, ukanihurumia, ukanifungulia njia? Yote mawili yananichoma. La kwanza linanifanya mwizi, la pili linanifanya mwizi uliyemkaribisha mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa mtu mbaya wa kuishi naye. Mama akisema, "Yaya yako anakusalimia," namuuliza, "Alitaja jina yangu, ao alisema tu musalimie bote?" Naangalia picha zako za saluni kuona kama ile picha yetu ya zamani ukutani umeikata upande niliokuwa nimesimama. Chef akipitia kazi yangu mara ya pili, nasikia meno yananisagika.

Mama ndiye aliyenichokonoa. Ilikuwa mchana, mwezi uliopita, anapinda sketi, sindano zimo mdomoni. Akazitoa akaniuliza, "Nyinyi na yaya yako mulikosana juu ya nini?" Nilichoka kumficha. Nikaanza mwanzo kabisa, nikamsimulia na ile habari ya mtihani: kuna papa mmoja wa treni, baba wa mabinti wawili, wanamngojea mlangoni. Kabla sijafika kwenye maswali, nikamuuliza kwa mzaha, "Weye unawaza alirudia siku gani?"

Hakuinua hata macho. "Siku ya posho. Alikuwa anarudiaka siku gani ingine?"

Siku ya posho, Yaya. Ndivyo Mama anavyoiita Jumamosi mpaka leo.

"Na mu mufuko muko nini?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imekwisha badilika.

"Ndagala ya Kalemie, ile samaki kidogo-kidogo. Munasahau? Mulikuwa munapigania mufuko, mufuko inapasuka, samaki inamwangika mu mulango." Kisha akaniangalia. "Sasa juu ya nini unalia?"

Tulimzika Papa, baba yetu wa treni, tungali na sare za shule, na tangu siku ile hatukumzungumzia, wewe wala mimi. Tulimkwepa kama watu wanavyokwepa shimo la barabarani wanalolijua. Na siku ya mtihani karatasi ikatuwekea mwanaume wa treni na wasichana wawili mlangoni. Mimi sikusoma, Yaya. Nilikumbuka. Nilimwona Papa na ovaroli lake linalonuka mazuti, mafuta ya treni, nikaandika siku aliyorudi na kile alicholeta.

Kesho yake nilikwenda kwa Chef. Nilidhani nitamfurahisha. Nilimweleza yote, hata Mama na sindano zake. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Madame," alisema, "mi ndiye nilipanga viti. Nilijua tangu siku ile yaya yako hakukopia."

"Basi juu ya nini ulimuacha aende?"

"Juu alitaka kwenda. Na weye nilikukamata mu kazi juu niliwaza: muntu mwenye yaya wa kumubeba vile hatarudia kuiba. Na kweli, haukurudia."

Akatabasamu kwa wema. Wema kabisa! Miaka yote hii nimekaa katika ofisi ile kama mwizi aliyesamehewa, na mimi sijui. Nikamwambia sikuiba. Akasema ndiyo, ndiyo, ameelewa, mambo ya zamani hayo. Nilitoka najua hakuamini hata neno moja. Na ningekuwa yeye nisingeamini pia. Mimi nimewahi kuamini nini?

Nimewaza nani anaweza kuniamini, nikamkuta mtu mmoja tu. Chef hawezi, kwa sababu hakumjua Papa. Mama ananiamini, lakini Mama angeniamini hata ningeiba. Ni wewe peke yako. Kwa maana wewe pia uliandika Jumamosi, na wewe hukuwa na mtu wa kumchungulia mbele yako ila ukuta.

Basi swali langu ni hili, na naomba ulijibu ukiwa peke yako, saluni ikiwa haina mteja. Usirudi kwenye karatasi safari hii. Rudi kichwani mwako. Wewe, Béatrice, Jumamosi yako uliitoa wapi? Samaki wako walitoka mfuko wa nani? Ukimwona Papa pale, jua nilikuwa nimesimama karibu nawe mlangoni, nami nilimwona kwa macho yangu mwenyewe.

Kwa ulichonifanyia sijakushukuru na leo sikushukuru. Siwezi kumshukuru mtu aliyenibeba kwa kuniona mwizi. Siku utakaponipigia na kusema "nakuamini", nitapiga magoti hata barabarani, nitakushukuru kwa vyote. Kabla ya hapo, kaa salama, ule vizuri, na usimdanganye Mama kuhusu ule mgongo wako, anajua.

Mdogo wako wa pekee, ambaye hakuchungulia.