Kilichokuwa Ndani ya Giaboksi Ndogo

Kwako Baba yangu mpendwa, mwenye kikao. Kwako Mama, uliyeketi kando yake. Kwenu Mjomba na Shangazi. Kwako kaka yangu mkubwa pamoja na shemeji zangu. Na kwenu wadogo zangu ambao bila shaka mmeachiwa viti vya karibu na mlango.

Nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Natumaini goti la Baba limetulia, na kwamba Mama siku hizi analala bila kikohozi. Mimi ni mzima wa afya, ila kucha zimekuwa nyeusi kwa oili na sabuni imeshanyoosha mikono. Nimemwomba Shangazi awasomee barua hii, kwa kuwa sauti yake hufika jikoni bila kupandishwa.

Najua mmekutana kuamua kama gari la Baba liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Niruhusuni nitangulize jibu: gari limepona. Sasa nieleze lilivyopona, maana ndani ya maelezo hayo kuna jambo zito kuliko gari.

Mnakumbuka lilivyofika gerejini kwangu likiwa limevutwa kwa kamba. Ugonjwa ulikuwa kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili gari lipande matope ya mlimani. Nilipoifungua, nilikuta mnyororo wake umelegea kama mkanda wa suruali ya kurithi, ukawa unapiga ukuta wa ndani hadi umeuchimba. Meno ya gia yalikuwa yamelika, na oili iling'aa kwa vumbi la chuma.

Giaboksi mpya ya gari la umri ule haipatikani, hivyo nilikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu. Huko, kama mjuavyo, ndiko anakofanya kazi mdogo wangu tunayemwita Chapuchapu, tangu Baba alipomnyang'anya ufunguo na kumkataza kupita tena langoni, kwa kosa la kuliua gari kwa mwendo wa kasi. Aliponiona aliniuliza kama nimekuja kununua au kumzika. Nilimjibu kwamba nimekuja kuchimbua. Akacheka, akanipeleka hadi kwenye gari la aina yetu lililogonga ukuta. Kasha la giaboksi yake lilikuwa limepasuka, lakini mnyororo na gia zilikuwa nzima. Tulilala chini ya gari lile mchana kutwa, yeye akifungua boliti na mimi nikipokea, huku akinitania kwamba fundi mkubwa amekuja kuokota na bado anachagua.

Nililiacha kasha letu lenyewe, nikaliziba pale lilipochimbwa na kulisawazisha, kisha nikaweka ndani yake mnyororo na gia za gari lile. Beringi, na sili zinazozuia oili isivuje, sikutaka za kuokota. Hizo niliweka mpya. Nilipozungusha shafti kwa mkono ilikwenda kwa ulaini, bila mlio. Nilijisifu, Mama, nawe unajua nikijisifu nyumba huwa ndogo.

Basi nikalitoa gari barabarani, kwenye lami tambarare, nikiwa nimeunganisha magurudumu yote manne, nikiendesha taratibu kama nimebeba mayai. Niliporudi, kijiti kidogo cha kuunganisha magurudumu manne kilikataa kutoka. Kilikuwa kimekaza vilevile kama kilivyokuwa kikikaza kabla gari halijavutwa kwa kamba. Nililiinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, na lilipoachana na ardhi tu, likajizungusha lenyewe kwa kishindo na kijiti kikaachia. Hapo nilikaa chini. Chapuchapu hakuwamo garini. Mwendo wa kasi haukuwamo. Ila ugonjwa ulikuwamo.

Nilichukua kamba, nikaizungusha kwenye tairi la mbele, kisha kwenye tairi la nyuma. La mbele lilizidi kwa upana wa vidole vinne. Matairi yasiyolingana, yakifungwa pamoja kwenye barabara ngumu, huvutana: ya nyuma, madogo, hutaka mizunguko mingi kuliko ya mbele, na ugomvi wao wote huishia kwenye giaboksi ndogo. Ndiko mnyororo ulikovutwa hadi ukalegea.

Baba, ninaandika yafuatayo nikiwa nimesimama, kwa adabu. Wewe ndiwe uliyeweka utaratibu kwamba matairi mapya yawekwe mbele tu, kwa kuwa ya mbele ndiyo yanayotangulia hatari, na ya nyuma yasubiri hadi yaishe kabisa. Na wewe ndiwe uliyeagiza kwamba dereva akishaunganisha magurudumu manne asiachanishe mpaka arudi nyumbani. Ulitaka watoto wako wawe salama, na hilo hakuna asiyelijua. Lakini kaka mkubwa hakuifuata amri hii ya pili, kwa sababu aliona kijiti ni kizito. Mimi sikuifuata, kwa sababu nilisahau. Aliyezifuata zote mbili, safari baada ya safari, ni Chapuchapu. Hakuliua gari kwa haraka. Liliharibikia mikononi mwake kwa sababu alikutii.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba alisema mara moja kuwa kijiti kinakaza, akaambiwa kinachokaza ni mkono wenye pupa, na Mjomba akaongeza kwamba kijana huyu hata usingizini hubadili gia. Watu wakacheka. Tangu hapo akaona heri aitwe mharibifu kuliko kumsahihisha baba yake mbele ya mashemeji.

Mimi nimeona tofauti, na ndiyo maana sikukunong'oneza jambo hili faraghani. Maneno yaliyomwangusha yalisemwa ukumbini, mbele yenu nyote. Yanayomwinua nayo nimetaka yasikike hapohapo.

Matairi sasa ni manne yanayolingana. Nimelipandisha gari mlimani na mzigo wa mawe, na kijiti kinatoka kwa vidole viwili. Suala la kuuza nimelifunga kama fundi. Limebaki moja, nalo si la fundi. Barua hii imeletwa na gari hilohilo, ikapenyezwa chini ya lango. Liko nje ya lango, na aliye nyuma ya usukani ni yeye. Amezima injini, na nimemwagiza asipige honi. Lango limefungwa kwa ndani. Shangazi akimaliza kusoma, naomba kikao kiamue nani atasimama kwenda kulifungua. Na mwenye kikao, kwa goti lolote alilo nalo, ndiye ninayemwomba awe wa kwanza kusimama.

Mama, mbusu mdogo wangu kwa niaba yangu. Wengine wote pokeeni heshima zangu, nami nitakuja nikishanawa.

Ni mimi binti yenu,
Fundi wa nyumba