Rupia Chini ya Kihenge

Baba,

Shikamoo. Usiniitikie, maana nikiikumbuka ile marahaba yako ndefu nitalegea, na leo sitaki kulegea.

Rupia imeonekana. Ile ya Babu, ya fedha, yenye mfalme wa Kijerumani aliyevaa kofia ya tai. Nimeifukua kwa mikono yangu Jumapili iliyopita, kwenye mahame yetu kule Kigongo. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba Mama ameiiba.

Kazi yangu unaijua, ulikuwa ukinitania kwayo. Mvuvi wa nchi kavu. Bado niko idara ya maji, bado natembea na mashine ya kutafutia mabomba ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka yalifukiwa wapi. Unaipitisha juu ya ardhi, penye chuma au madini yoyote inakulilia masikioni. Ijumaa tulimaliza mtaa mmoja Nyakato na mashine sikuirudisha stoo. Nikikamatwa nafukuzwa kazi. Niliifunga kwenye blanketi nikapanda nayo gari, watu wakadhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Pale nyumbani hakuna kitu, Baba. Minyaa ya boma imekuwa pori. Nilipata misumari, jembe lililoliwa na kutu, mfuniko wa sufuria. Halafu nikafika kwenye mawe yaliyobeba kihenge chetu cha mtama, mashine ikalia. Shubiri moja tu chini. Kaniki ilikuwa imeoza, lakini fundo lako lilikuwa bado limekaza.

Sasa nikueleze, kwa kuwa hukutaka kuelezwa ulipokuwa hai.

Asubuhi ile ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa ulisikia mgambo wanapekua watu. Ukaifunga rupia kwenye kitambaa ukaizamisha ndani ya mtama, usimwambie mtu. Lori likaja mapema kuliko lilivyosemwa. Wewe ukaenda kugombana na mgambo kuhusu ng'ombe, Mama akaanza kujaza mtama kwenye magunia, maana watoto wangekula nini huko tuendako? Kisha wanaume wakakiangusha kihenge ili wachukue fito. Sakafu ikavunjika juu ya mawe na kifurushi chako kikadondoka humo humo. Ndiyo hiyo hadithi yote. Haina mwizi.

Tulipofika kijijini ulimwaga magunia yote vumbini. Ardhi tuliyotoka, mwendo wa saa tatu kwa miguu, hukurudi kuitazama hata siku moja. Ulijua kwamba kwenda kutafuta ni kukiri kwamba huenda umekosea.

Ukaita wazee. Nilikuwa darasa la tatu. Uliniuliza mbele yao, "Nani aliyechota mtama?" Nikasema, Mama. Ulinishika kichwa ukasema, "Mtoto hasemi uongo." Kweli yangu ndiyo uliyompigia. Ukamrudisha Busisi kwa kaka yake kama chungu kilichovuja, ukadai ng'ombe wako wa mahari, ukapewa, na kwa ng'ombe hao hao ukaoa mke mwingine kabla ya mavuno.

Mwaka huo huo nilipata homa ya malaria na ulinibeba mgongoni hadi zahanati, mvua inatunyeshea, unaniimbia nyimbo za kulima ili nisisinzie. Ungekuwa mtu mbaya tu, ningekuzika nikakusahau. Nilikupenda, Baba. Ndiyo maana nakuchukia vizuri hivi.

Hata kitandani ulipokuwa unakata roho, neno lako la mwisho lenye maana lilikuwa, "Yule mwizi asikanyage kaburi langu." Mama alikuja mazikoni, hukumwona. Alivuka na kivuko cha kwanza amevaa nguo za msiba, na ndugu zako wakamgeuza njiani.

Juzi nilimpelekea rupia. Alikuwa anageuza dagaa juani juu ya mawe. Nikaifungua kiganjani. Aliitazama sana, mikono ameificha nyuma.

"Siishiki," alisema. "Nikiishika watasema nimeirudisha."

Nilidhani uzee unamtisha bure. Kumbe anawajua watu wako kuliko mimi. Jana niliwaita wazee wale wale, waliobaki, nikawaonyesha rupia na fundo. Baba Mkubwa akafurahi mpaka akapiga makofi. Nikamwambia, basi tamkeni kwamba Mama hana kosa. Akakuna kidevu, akasema, "Pengine alirudi akaifukia." Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Miaka yote hii, Baba, na hao watu wanaweza kutikisa vichwa tu.

Hawakuwa na haja ya Mama. Walikuwa na haja ya mwanangu. Ndiyo, nimepata mtoto wa kiume, ana wiki tatu. Unaijua desturi ya nyumba yetu: mtoto wa kiume hufungwa rupia ya Babu mkononi siku anapopewa jina la mzee aliyetangulia. Tangu ilipopotea hakuna aliyefungwa. Sasa rupia ipo, mtoto yupo, na marehemu ni wewe. Baba Mkubwa alikuwa ameshaandaa uzi mweusi. "Malale amerudi," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wa kwako analala hapa pembeni yangu ninapoandika, ana masikio yako.

Niliiweka rupia juu ya kigoda mbele yao nikaondoka. Wabaki nayo, si ndiyo mliyoitafuta? Asubuhi hii nimevuka na mke wangu na mtoto mpaka Busisi. Mama amemshika kwa mikono yote miwili. Kwenye kiwanja cha mjomba, mbele ya majirani wavuvi na mbuzi mmoja, mtoto amepewa jina. Anaitwa Mabula, jina la mjomba, aliyempokea dada yake mlangoni bila kumuuliza kitu.

Lala, Baba. Kaburi nitalipalilia, kwa kuwa watu wataniona. Lakini nakuahidi hili, na ahadi zangu nimejifunza kwako kuzishika: nikizaa wengine, na hao wakizaa, hakuna mlango wangu ambapo mama atasimama jioni amwite mtoto aje kula kwa jina lako.

Mwanao.