Mashujaa Tisa wa Marehemu Icilda Pennycooke

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Mtaa wa Lathkill, Nottingham

Jina: Eustace Alphanso Pennycooke
Umri: Miaka 83
Kazi: Mstaafu, zamani mmiminaji wa sanamu ndogo za madini kiwandani
Makazi: Hyson Green, Nottingham
Tarehe: 18 Novemba 2019

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo kwa hiari yangu. Kwanza namwomba radhi Konstebo Widdowson, ambaye nimemtoa katika kazi zenye uzito kuliko hii.

Mnamo tarehe 4 Novemba, Jumatatu asubuhi, nililazwa hospitalini kwa upasuaji wa nyonga. Ufunguo wa nyumba nilimwachia jirani yangu, Bwana Trevor Oldershaw, ili amlishe paka wangu. Ni katibu wa klabu yetu ya michezo ya mezani, na siku ya mazishi ya mke wangu ndiye aliyenifunga tai, kwa kuwa mikono yangu ilikataa. Nasema haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani.

Kitu kilichotoweka ni sanduku la mbao lililokaa juu ya meko sebuleni. Ndani yake mlikuwa na sanamu tisa za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wenye majoho na vinyago, kila mmoja kimo cha kidole gumba, ambao sisi huwapanga mezani na kuwapiganisha kwa kete na rula. Nilizimimina mimi mwenyewe kiwandani. Zilikuwa na kasoro, moja joho limepinda, nyingine haina kidole, na msimamizi aliniruhusu nizichukue. Aliyezipaka rangi ni marehemu mke wangu, Icilda. Tulicheza nazo klabuni kila Alhamisi jioni. Ukumbi wenyewe, mniwie radhi, ulikuwa juu ya baa. Sisi wawili tulikunywa chai.

Katika kitabu cha mchezo mashujaa wote ni weupe. Mke wangu hakukifuata. Aliwapa nyuso za watu wa kwetu Jamaika: kaka yake, mkunga wa kijiji, mwalimu wetu wa shule ya misheni. Bibi Radi, arushaye umeme kwa mikono miwili, alipewa uso wa mama mkwe wangu, Bibi Adassa, aliyefariki mwaka 1961 bila kupigwa picha hata moja. Rangi ya uso ule mke wangu aliichanganya kwenye kisosi, akaipaka, hakuridhika, akapaka nyingine juu yake, majira mazima ya baridi. Nilimwambia, "Icilda, imetosha. Chai inapoa." Akanijibu, "Bado. Mama alikuwa na wekundu kidogo hapa, chini ya jicho. Wewe siku ile ulikuwa unatetemeka na posa yako mkononi, ungeona nini?"

Siku alipoipata alinisogezea taa tu. Alikuwa ni Bibi Adassa mwenyewe.

Ndiyo sababu rangi ilikuwa nene. Wenzetu wa klabu walimtania sana. Bwana Oldershaw alizoea kumuuliza, "Bi Icilda, huyu wako leo kavaa makoti mangapi?" Naye humjibu, "Mawili, Trevor. Katoka kwenye jua, kaja kwenu huku kwenye barafu. Unataka afe?" Ukumbi mzima ulicheka. Nyuso zile ni za nani, hakuwaambia. Alisema ni mambo ya nyumbani.

Tarehe 15 Novemba, Ijumaa, saa nane mchana, nilirudi nyumbani, nikakuta sanduku halipo. Mlango haukuvunjwa. Nilipiga simu polisi. Sikumfikiria Bwana Oldershaw hata kidogo.

Kesho yake, yapata saa nne asubuhi, nilijikongoja kwa magongo hadi kwake nimweleze msiba ulionipata. Alipofungua mlango alicheka.

"Mzee! Umetoroka wodini? Daktari ana habari?"

Nikamwambia nimeibiwa.

"Acha hizo. Mwizi mwenyewe ndiye mimi. Ingia, ingia, nje baridi."

Jikoni mwake palinuka dawa ya kuulia vijidudu, nikadhani hospitali imenifuata nguoni. Juu ya meza, kwenye gazeti, sanamu nane zilikuwa zimelazwa bila rangi yoyote, kijivu kitupu, kama zilivyotoka mikononi mwangu kiwandani. Akasema, "Nimeziloweka kwenye dawa wiki nzima, halafu mswaki. Rangi ilikuwa imewaziba, mzee wangu. Angalia huyu, sasa hata pua anayo! Nilitaka ukirudi uzikute zote tayari, ila umeniwahi."

Naomba Konstebo aelewe kwamba kwetu sisi wachezaji huo si uharibifu. Sanamu ya zamani huoshwa ikapakwa upya, na anayekufanyia kazi hiyo bila kuombwa amekuheshimu.

Ya tisa, Bibi Radi, Bwana Oldershaw alikuwa amekwisha kuipaka. Alinipa kioo cha kukuzia. Uso ni mweupe na nywele ni za manjano, kama kitabuni. Ndani ya kila jicho ameweka nukta ya mwanga. Ni kazi bora kuliko ya mke wangu. Naomba hilo liandikwe.

Nilimuuliza rangi ya zamani iko wapi. Akanionyesha chupa pana ya achari iliyokuwa karibu na sinki. "Si hiyo hapo. Supu ya makoti ya Bi Icilda." Alisema kwa upendo. Maji yalikuwa ya kahawia, na chini yake tope zito.

"Vipi, mzee? Hujazipenda?"

"Nimezipenda, Trevor. Ni nyonga tu."

Nilimshukuru. Alinimiminia chai, nikainywa yote.

Nimeelezwa kwamba jana, kwa sababu ya simu yangu, na kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye, askari walikwenda kwake wakachukua sanamu na chupa. Sitaki Bwana Oldershaw ashtakiwe. Naomba pia asiambiwe zile nyuso zilikuwa za nani.

Ombi langu jingine ni dogo. Sanamu arudishiwe yeye, azimalizie. Chupa naomba nipewe mimi kama ilivyo, isimwagwe. Najua yaliyomo yamechanganyika na hayatenganishiki. Lakini wekundu ule umo. Aliyeujua uso wa Bibi Adassa hakubaki mwingine isipokuwa mimi, na tangu Jumamosi nimejaribu kuukumbuka. Kila nifumbapo macho namwona yule mweupe mwenye nywele za manjano.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa, nami nayakubali kuwa yangu. Naomba radhi tena kwa usumbufu.

(Sahihi) E. A. Pennycooke

Maelezo ya askari: Nimeyaandika na kumsomea shahidi, hakubadilisha kitu. Aliuliza habari za chupa mara mbili akiwa mlangoni. Chupa ilipokelewa jana ikiwa tupu na safi. Bwana Oldershaw alieleza kwamba aliimwaga sinkini na kuiosha kwa sabuni kabla ya kutukabidhi, kwa kuwa aliona si adabu kuwapa askari kitu kichafu. Shahidi sijamwambia.

Konstebo G. Widdowson