Udongo wa Zahanati Umeota Sukuma Chaka

Mama mpendwa,

Natumai jua la Chalbi halijakuchosha. Huku Chaka ni baridi, lakini mimi nachemka.

Ile mifuko ya udongo wa kiwanja cha zahanati yetu mpya, ulionisaidia kuchimba, nilimwachia mwenye nyumba wangu, Mama Wangari, nilipokwenda kazini Timau wiki moja. Nilimwambia mara tatu isiguswe! Maabara ya Nyeri inautaka mkavu kama ulivyotoka shimoni, wapime utadidimia kiasi gani ukilowa, tujue msingi uende chini hadi wapi.

Narudi, mifuko mitupu. Namuuliza Mama Wangari, anacheka:

"Ati udongo yenu ilikuwa imekauka sana! Nikawaonea huruma, nikaweka maji na mbolea."

Ameumwaga kwenye kitalu, akapanda sukuma wiki, Mama! Na anangoja nimshukuru!

Basi mwambie Baba asilifukie lile shimo. Alhamisi nakuja tuchimbe upya.

Nilitaka kung'oa kila kitu, mkono ukakataa. Udongo wa kwetu, ambao sijauona ukiota ila miiba, umejaa majani mawili mawili. Niliutazama mpaka chai ikapoa.

Nakupenda sana. Nakuletea miche mitatu kwenye kopo. Funga mbuzi wasiile.

Binti yako,
Talaso