Kwenda na Kurudi ni Moja

Kyuso,
8 Juni

Kwa mwaitu mdogo, Yvonne,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kile kikohozi kimeisha au bado unakificha? Huko Mbooni najua baridi haina huruma, vaa ile sweta hata kama rangi yake inakuaibisha mbele ya wenzako. Sisi tu wazima. Baba yako amemaliza kuvuna ndengu na sasa anatembea ameshika mgongo, lakini chakula anakula vizuri. Yule mbuzi wa kahawia amezaa mapacha.

Barua hii unaletewa na mjomba wako Kisilu, ambaye siku hizi anakuja huko milimani kununua parachichi za kuuza sokoni kwetu. Akirudi kupita geti la shule mpe jibu lililoandikwa. Ukimpa la mdomo atalisahau kabla hajafika barabara ya lami.

Unajua kwamba mwaka huu mimi na wewe tunafanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, pamoja, wewe shuleni na mimi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usilojua ni kwamba kati ya masomo niliyojiandikisha kuna Fizikia. Mwalimu wa hapa kituoni, shule nitakayofanyia mtihani, alinishangaa. Alisema, "Mama, watu wa private huchukua CRE na Biashara. Fizikia ina praktikal." Nikamwambia ndiyo maana naitaka.

Sijawahi kukueleza sababu. Nikiwa Fomu Tatu, Ijumaa moja, mwalimu wetu alifunga jiwe kwenye uzi akaliacha libembee mbele ya darasa. Akasema kwa jiwe hilo na uzi huo tungeweza kupima nguvu ambayo dunia nzima inavuta nayo vitu. Dunia nzima, Yvonne, na alikuwa ameshika kijiwe cha njiani. Kengele ikalia. Akasema tutafanya wiki ijayo. Jumapili ile mama yangu, huyo unayeitwa Nzilani kwa ajili yake na ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama yangu, akashikwa na ugonjwa, na mimi ndiye nilikuwa msichana wa pekee nyumbani. Sikurudi darasani tena, na ile wiki ijayo naingojea mpaka leo.

Kwa hivyo nifundishe. Anza na jiwe.

Mama yako

*

Mbooni,
22 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Baba na mgongo wake. Kikohozi kimeisha, sweta nimevaa ndani ya shati. Parachichi alizoninyang'anya mjomba Kisilu getini mwambie sijasahau.

Mama, Fizikia? Mimi mwenyewe ninayefundishwa kila siku inanitoa jasho. Nimekariri fomula zote na bado nikiona swali lenye mchoro nahisi njaa. Lakini umesema nikufundishe, na siwezi kumkatalia mama.

Chukua uzi, ufunge jiwe. Urefu uwe mita moja, kutoka pale uzi uliposhikiliwa juu mpaka katikati ya jiwe, si mpaka juu ya jiwe. Livute kando kidogo tu, uliachilie bila kulisukuma. Kwa saa ya simu yako pima muda wa mabembeo ishirini, kisha gawa kwa ishirini ili upate muda wa bembeo moja. Halafu chukua nne, zidisha kwa pai mara mbili, zidisha kwa urefu, na ugawe kwa muda wa bembeo moja ukizidishwa kwa wenyewe. Jibu litakuwa karibu na kumi. Hiyo ndiyo nguvu ya dunia, na walimu wanaiita g.

Jibu liko kwenye kitabu, Mama. Ukichoka andika tu 9.8, hakuna atakayekuuliza.

Mwanao

*

Kyuso,
6 Julai

Kwa mwaitu mdogo,

Salamu sana. Hujambo na wenzako hawajambo? Huku jua limeanza kuwa kali lakini tunamshukuru Mungu, visima vya mchangani bado vina maji.

Nimefanya. Uzi niliusokota kwa katani niliyobakiza nikisuka kikapu cha kiondo, nikaufunga kwenye mti wa paa jikoni, pale tunaponing'iniza kibuyu cha maziwa. Kwanza nilifunga jiwe dogo. Halafu nikajiambia, hebu nidanganye hii dunia, nikafunga jiwe kubwa la kusagia pilipili. Nilitegemea zito liende haraka. Yvonne, yalichukua muda ule ule! Nikatafuta kokwa ya embe, ambayo ni nyepesi kabisa, nayo ikachukua muda ule ule. Nikakaa chini kwenye kigoda. Nimebeba vitu maisha yangu yote, mitungi, kuni, watoto, na sikujua kwamba mahali fulani jikoni kwangu kuna sheria ambayo haijali uzito. Nilimwita baba yako aje aone. Aliangalia kidogo, akavua kofia.

Sasa taabu ni hii. Nimepiga hesabu yako na jibu linatoka thelathini na tisa. Nimerudia mpaka baba yako akaniuliza kama nimeingia dhehebu jipya. Ni thelathini na tisa kila mara. Inaonekana dunia ya Kyuso inavuta mara nne kuliko ya kwenye kitabu, na sasa najua kwa nini magoti yangu yanauma.

Nacheka lakini sijafurahi. Na lile neno lako la kuandika 9.8 kutoka kitabuni usilirudie kwangu. Sikungoja miaka hii yote ili nije kunakili. Niambie nimekosea wapi.

Mama yako

*

Mbooni,
20 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Mimi ni mzima, na leo nina habari.

Barua yako nilimpelekea Bwana Mutunga, mwalimu wetu wa Fizikia. Alipiga hesabu yako upya, akasema haina kosa hata moja. Akauliza urefu, nikamwambia ni mita, mama yangu hawezi kukosea kipimo cha uzi. Akasema basi labda saa ya simu ni mbovu. Sikuridhika.

Jumamosi baada ya kufua nilifunga jiwe kwenye tawi la mparachichi nyuma ya bwalo. Nikasimama pale nikijaribu kukuona jikoni. Na nikakuona kweli, Mama, lakini ulikuwa unatikisa maziwa. Umekaa kwenye kigoda, kibuyu kinaning'inia, unakisukuma na kuhesabu, "Imwe," kinarudi mkononi, "ili," unakisukuma, "itatu." Ndivyo ulivyotufundisha sote. Kwenda moja, kurudi mbili.

Kosa ni hilo tu! Kwenye Fizikia bembeo moja ni kwenda na kurudi. Ukihesabu kama unavyotikisa siagi, muda wa bembeo unakuwa nusu, na nusu hiyo ikizidishwa kwa yenyewe ndiyo inaleta mara nne. Nilihesabu kama wewe, nikapata thelathini na tisa. Nikahesabu upya, imwe ni kwenda na kurudi, nikapata 9.8.

Mama, nilikaa kwenye nyasi. Nimeijua hiyo namba tangu Fomu Mbili. Nimeiandika kwenye mitihani mpaka nimechoka nayo. Sikuwahi kufunga jiwe mwenyewe. Sikujua kwamba ile namba iko pale kwenye tawi, inangoja mtu yeyote mwenye kamba. Niliangalia ile milima yote na watu wadogo wakipanda njia na mizigo yao, nikaogopa kidogo, lakini kwa uzuri.

Rudia, uniambie. Tunafunga wiki ijayo, utaniambia kwa mdomo.

Mwanao

*

Kyuso,
14 Septemba

Kwa mwaitu mdogo,

Nakusalimu. Nyumba imenyamaza tangu urudi shule. Mapacha wa mbuzi wamekua, mmoja amekula nusu ya ile chati yako ya mwanga. Baba yako anakusalimu.

Likizo ile sitaisahau. Siku tulipopata 9.7 jikoni ukapiga kelele mpaka jirani Kasyoki akaja mbio akidhani ni nyoka. Na ile asubuhi ulipochora ammita na voltmita, vile vipima umeme, kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, ukaniambia ammita inasimama kwenye mstari pamoja na wengine, voltmita inashika kando. Michoro bado iko. Sijaruhusu mtu aifute.

Lakini nakuandikia jambo ambalo halitakufurahisha. Juzi tuliitwa kituoni kwa mazoezi ya praktikal. Vifaa vilikuwa vichache, kwa hivyo wakapewa wanafunzi wa shule, na sisi wa kujitegemea tukaambiwa tusimame nyuma tuangalie. Mwishoni kijana wa maabara akaniita nijaribu kidogo. Nilishika waya za ammita, vidole vikakataa. Niliifunga kando badala ya kwenye mstari, mshale ukaruka hadi mwisho, akanipokonya mkononi. Msichana mmoja akacheka. Hakunicheka kwa ubaya, ni mtoto tu, lakini niliangalia mikono yangu ikiwa imewekwa pale juu ya meza nyeupe na nikaiona ni mizee.

Pepa ya kwanza na ya pili nitafanya. Ya tatu, ile ya praktikal, siendi. Najua bila ya tatu hakuna gredi. Jiwe langu nimeshalipima, na labda hilo lilinitosha.

Usinikasirikie.

Mama yako

*

Mbooni,
28 Septemba

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekasirika, na sina adabu ya kuficha. Nisamehe mwanzoni kabisa ili nisisimame katikati.

Jiwe ulilipima jikoni kwako, ambapo hakuna wa kukuona isipokuwa mimi na Baba. Ulichonyimwa ile Jumapili si jiwe, Mama. Ulinyimwa kukaa darasani na wenzako na kulipima huko. Na sasa mlango uko wazi, unataka kujifungia nje mwenyewe kwa sababu mtoto amecheka?

Hata mimi nimewahi kuifunga ammita kando. Nusu ya darasa letu wameifunga hivyo. Bwana Mutunga anasema ammita za shule yetu zingekuwa na midomo zingelia. Siku ya mtihani kila mtu ana meza yake na vifaa vyake, na namba yake imebandikwa pale. Hakuna atakayekuambia usimame nyuma. Mikono yako inasokota uzi mwembamba kuliko waya wowote ulio kwenye maabara hiyo.

Mimi nilikuwa nakariri. Wewe ndiye ulikataa kuandika jibu la kitabu, na tangu siku hiyo nami siwezi tena. Kwenye mazoezi ya juzi nimepata alama ambazo sijawahi kupata. Sikuambii nyingi kiasi gani, usije ukajivuna.

Nenda, Mama. Hata ukiunguza ammita yao.

Mwanao

*

Mbooni,
13 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianze vipi. Mjomba Kisilu amepita hapa zaidi ya mara moja mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Mama yako ni mzima," halafu anaanza kupanga parachichi ambazo zimeshapangwa. Nimejilaumu kwa ukali wa barua yangu.

Leo asubuhi tumefanya pepa ya tatu. Swali la kwanza lilikuwa chuma kilichoning'inizwa kwenye springi, unakivuta chini kidogo, unakiachilia, unahesabu. Nilihesabu kwa Kikamba, kimyakimya. Msimamizi alipita akaniangalia midomo.

Sikuweza kujua kama ulikuwa ndani ya chumba kama changu au nyumbani. Jambo hilo tu ndilo lilinisumbua, maswali hayakunisumbua. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

*

Kyuso,
16 Novemba

Kwa mwaitu mdogo,

Nakusalimu sana, sana. Umekula? Umelala? Baba yako ni mzima, mbuzi wazima, na mvua imenyesha mpaka mto umejaa maji. Mjomba wako alikatazwa na mimi kusema lolote. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza sikujua niseme nakwenda au siendi, na kukudanganya sikutaka. Ukali wako nimeuweka ndani ya Biblia, pale kwenye Zaburi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa natikisa maziwa. Nilikuwa nimeamua kubaki. Nikasukuma kibuyu, nikasema "imwe," kikarudi, na ulimi ukakataa kusema "ili." Nilijaribu tena. Ulimi ulingoja kibuyu kirudi ndipo useme. Nikaona kwamba hata nikikaa nyumbani siwezi tena kuwa yule wa zamani. Nikamwachia baba yako maziwa, nikavaa viatu vya kanisani, nikapanda boda.

Namba yangu ilikuwa kwenye meza, kama ulivyosema. Ammita niliiweka kwenye mstari, lakini waya mbili nikazibadilisha, mshale ukarudi nyuma ya sifuri. Nikafumba macho, nikaona ukuta wa jikoni na makaa yako, nikageuza. Ukapanda taratibu.

Halafu nikaja kwenye ile springi. Nikavuta chuma, nikakiachilia, nacho kikaanza kupanda na kushuka. Yvonne, nilipokuwa nahesabu nilikumbuka kwamba saa ile ile watoto wa nchi nzima, kutoka Turkana mpaka Mombasa, wanaangalia chuma kama changu, na wewe Mbooni uko kati yao. Chuma chako na changu vinaitikia dunia moja, na yenyewe haijui nani ni mtoto na nani ni mama wa watoto. Nilitaka kuimba wimbo wa sifa na nikashindwa kwa sababu ni mtihani.

Tulipotoka, yule msichana aliyecheka alinikimbilia. "Mama, bembeo moja ulipata ngapi?" Nikamwambia. Akashusha pumzi, akasema hata yeye, akanishika mkono mpaka getini.

Matokeo yatakuja, na yakija tutayasoma pamoja, yako na yangu. Yakiwa mabaya nitalia kama watu wengine. Lakini ile wiki ijayo ya mwalimu wetu imefika, mwaitu. Nimeikalia mezani mwenyewe, nikahesabu, nikamaliza, nikampa msimamizi karatasi.

Uzi wa katani bado unaning'inia jikoni. Kibuyu sasa nimekihamishia upande wa mlango. Njoo nyumbani upesi.

Mama yako