Programu ya ulinzi na mahojiano ya Alhamisi

Jumanne usiku, Ntinda

Kwani Wafula alishindwa nini kunyamaza?

Asubuhi nilidhani nimepona. Madamu, bosi wetu, anataka kila kompyuta ya ofisi iwekwe ile programu ya ulinzi, inayozuia virusi na pia kumwonyesha yeye kila tunachofungua. Kwenye kompyuta yangu, inayotumia mfumo wa Linux, ikakataa, ikidai haitambui toleo la mfumo. Nilijua dawa yake, ni kusakinisha kifurushi kimoja tu cha programu saidizi. Nikasema sijui.

"Banange, kompyuta yako ina maringo kama mwenyewe!" Madamu akasema, na ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nao. Nilitaka achoke aende zake.

Ndipo Wafula, tunayekaa naye meza moja, akavuta kiti. "Usijali, dada. Haya ni mambo ya dakika mbili." Akaandika amri moja, programu ikaingia, alama ya kijani ikawaka. Akanitazama kwa furaha ya mtu aliyemwokoa mwenzake. Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Alhamisi jioni nina mahojiano ya kazi ya Kigali, pamoja na mtihani usiofanyika kwenye simu. Kompyuta nyingine sina. Madamu akijua natafuta pa kwenda, atanifukuza kabla hao wa Kigali hawajanijibu, na hapo...

Kuiondoa programu kunahitaji nywila, na anayo yeye peke yake.

Nimefikiria kumwomba Wafula kompyuta yake. Lakini ya Wafula niliiwekea programu hiyo mimi mwenyewe jana, kisha nikakaa na Madamu nikimfundisha kusoma ripoti za kila kinachofunguliwa.